Gari ya Mkononi Yenye Rikoli: Usiikimbie, Ila Malipo Yasubiri

Gari ya mkononi ikigundulika ina rikoli, yaani kiwanda kiliiita irudi itengenezwe bure na mwenyewe hakuipeleka, watu wanagawanyika. Kuna wanaosema achana nayo, hilo jeneza. Na kuna madalali na baadhi ya mafundi wetu wanaosema hayo mambo ya wazungu bwana, injini inawaka, giaboksi haisumbui, taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofunguka ajalini) haijawaka, unataka nini tena?

Hawa wa pili ndio wananitia hofu, ila wa kwanza nao wanaionea rikoli. Maana yake ni kwamba kosa limeshajulikana, dawa ipo na anayelipa ni kiwanda. Mimi nipe Vitz iliyoitwa na ikabadilishwa eabegi ikiwa na karatasi yake, kuliko ile ambayo hakuna anayejua habari zake.

Chukua hizi eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyozitengeneza, ambazo Toyota waliita mpaka Corolla na Vitz kwa ajili yake. Mle ndani kuna kikopo cha chuma chenye baruti ya amoniamu nitreti ndiyo inayojaza mfuko, sasa ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kikopo kinapasuka na vipande vya chuma vinamfuata dereva usoni na shingoni. Joto, unyevu, miaka. Hiyo si ndiyo Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, na magari yetu ya umri ule? Marekani waliita vikopo karibu milioni 67, na waliyapa kipaumbele maeneo kama Florida na Hawaii kwa sababu ya hali ya hewa hiyohiyo. Halafu kuna Honda fulani za 2001 mpaka 2003 ambazo mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, NHTSA, ilisema 2016 kwamba eabegi ikifunguka uwezekano wa kupasuka unafika hata asilimia 50. Nusu! Kitu kilichowekwa kikuokoe, na ajali yenyewe pengine ni ya kugongana kwenye foleni tu ambayo ungeshuka mzima ukaanza kubishana. Na ile taa ya dashibodi inaangalia umeme, hali ya baruti haiioni.

Wanaobisha wana hoja moja nzito: huku nani ataitengeneza, gari umeagiza mwenyewe Japani, wakala wa hapa hakuiuza yeye, spea zenyewe hana. Ni kweli inasumbua. Hata Marekani sheria ya shirikisho inakataza dila, yaani muuza magari, kuuza gari mpya yenye rikoli ila ya mkononi haikatazi. Lakini ndiyo maana nasema imalizwe hukohuko Japani, ambako ni bure. Tangu Mei 2018 wenyewe walianza kuzinyima shaken, ule ukaguzi wao wa lazima, gari zenye Takata hatari ambazo hazijabadilishwa, sasa jiulize gari iliyokosa shaken inaelekea wapi.

Kwa hiyo kabla hujatuma TT, yaani hela ya kulipia gari kupitia benki, omba chesisi namba kamili, iingize kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe, simu itakutafsiria. Usiiweke kwenye tovuti ya Marekani, kule wanataka herufi na tarakimu 17 na chesisi ya Japani haifiki hapo, itakataa na wewe utadhani gari iko safi. Ikionyesha rikoli mwambie muuzaji aipeleke kwanza, akutumie karatasi, ndipo ipande meli. Kama iko yadi tayari, nenda na hiyo namba kwa wakala rasmi kabla ya kulipa, muulize watabadilisha lini na kwa gharama ya nani, akuandikie.