Treni ya Mjomba na Harufu ya Wali wa Nazi

Mjomba aliingia kibandani kwangu, Chikongola, Mtwara, siku kumi kabla ya Idi, kashika boksi la viatu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Fundi," akaanza. Mjomba akiacha kukuita mpwa wangu akakuita fundi, ujue kuna kazi ya bure.

Ndani ya boksi mlikuwa na treni. Si ile ya bati ya kuvuta kwa kamba. Hii aliinunua Hamburg enzi za ubaharia wake: kichwa cheusi, mabehewa manne, na reli za vipande vipande unazounganisha mpaka zifanye duara. Ni treni ya kweli iliyopunguzwa mara 87, na kutoka reli hadi reli ni milimita 16.5. Inatembea kwa umeme wa volti 12 unaopita kwenye reli zenyewe. Umeme huo unapanda kwa magurudumu ya upande mmoja, unazungusha mota, unashukia magurudumu ya upande wa pili. Hayo nayajua leo. Siku ile nilikuwa fundi simu na redio, mzaliwa wa Mtwara, na treni nilikuwa nimeiona kwenye televisheni tu.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi: inakwenda shubiri moja, inasimama, taa ya mbele inakonyeza. Unaisukuma kwa kidole, inaruka kama mtu aliyefinywa, halafu inasimama tena.

"Wajukuu wanakuja kutoka Dar, Idi Pili nataka waione. Itawezekana?"

Sasa, kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kumwambia "sijui". Nikajibu, "Hilo dogo, mjomba."

Pale nje ya kibanda kuna benchi la wacheza bao, na juu ya benchi hilo kuna babu mmoja ambaye nadhani alikuwepo kabla ya benchi. Aliposikia neno treni akaacha kete hewani. Babu huyu aliiona treni ya kwetu kwa macho yake. Vijana wengi hawaamini, lakini Mtwara tulikuwa na reli. Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakajenga reli ya kwenda Nachingwea kubeba karanga hizo. Karanga zikagoma kuota kama walivyotarajia, mradi ukafa mwaka 1951, na miaka ya 1960 ilipoingia reli nayo ikang'olewa.

"Fundi," babu akasema, "treni ikisumbua, tazama reli. Sisi ya kwetu haikuwa na ubaya wowote. Reli ndiyo iliyoondoka."

"Babu, hii ya umeme," nikamjibu, kwa ile adabu ya kijana anayejua kila kitu.

Nikafungua kichwa. Gia zilionekana kavu, nikasema tatizo ni mafuta. Ya cherehani yalikuwa yameisha, ya nazi yalikuwepo. Kichwa kile kilihitaji tone moja kwenye ncha ya sindano. Mimi nilikipaka kama mama anavyompaka mtoto anayekwenda madrasa. Nikapaka gia, magurudumu, mota na, kwa kuwa mkono ulishazoea, na reli pia. Kikafa kabisa.

Asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga foleni juu ya reli. Wamezunguka duara zima bila kukwama hata mara moja. Walikuwa wanatembea vizuri kuliko treni.

Nikakilaza kichwa chali, nikagusisha nyaya mbili moja kwa moja kwenye magurudumu. Mungu wangu, yalizunguka kama feni! Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kama kwenye nyaya kinakwenda na kwenye reli hakiendi, mgonjwa ni nani? Mimi nilimpigia mjomba simu kumwambia kimepona.

Mjomba akaja saa kumi alasiri, kavaa kanzu. Benchi zima likainuka kuja kuangalia. Nikaweka kichwa juu ya reli, nikazungusha kitasa. Kimya. Taa ikakonyeza mara moja, nadhani kwa kunicheka.

"Reli," babu akasema kule nyuma.

Basi, kwa hasira, nikaamua kumsikiliza. Nikachukua stiliwaya, ile ya kukwangulia masufuria, nikasugua reli zote huku kichwa kipo wazi pembeni. Zikang'aa kama fedha. (Fedha haimo, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.) Lakini stiliwaya ukiisugua inapukutika unyuzi wa chuma mdogo kuliko kope, na ndani ya mota mna sumaku. Sijui kwa nini mimi, fundi spika, ninayejua sumaku inavyozoa takataka, sikuliwaza hilo. Unyuzi wote ukaingia kwenye mota kama wageni wa shughuli waliosikia pilau.

Nikawasha. Kikatoa cheche, halafu moshi.

Na moshi ule, kwa sababu ya yale mafuta, ulinukia wali wa nazi. Mwezi wa Ramadhani, watu hawajaonja hata maji tangu daku. Benchi zima likameza mate. Mmoja akasema, "Astaghfirullah," akaondoka. Mjomba akanitazama kama anayehesabu niliwahi kumsaidia nini maishani.

Babu tu ndiye aliyefurahi. Alisimama, mkono kwenye fimbo, macho yanang'aa. "Hii sasa ndiyo treni!"

Baada ya futari nilijifungia na tochi ya simu na kibano. Nilitoa unyuzi wa chuma mmoja mmoja mpaka saa sita usiku. Kwenye ekseli nikakuta kitu kingine: nywele za rasta zimejizungusha na kukaza, kwa kuwa boksi lile lilikaa miaka na midoli ya mabinti wa mjomba. Magurudumu yalikuwa na utando mweusi mgumu kama masizi ya chungu. Nikapitisha vijiti vya pamba vyenye spiriti. Kijiti cha kumi na mbili ndicho kilichotoka cheupe. Vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu vilikuwa vimelala, nikavirudisha. Reli nikazifuta kwa kitambaa na spiriti hiyo hiyo, ingawa mikwaruzo ya stiliwaya ipo mpaka leo. Nikawasha, ikaenda kinyumenyume. Nikageuza nyaya, ikakubali.

Idi Pili, ukumbini kwa mjomba, babu alipewa kiti cha mbele kabisa. Treni ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya saba, bila kusita hata kwenye maungio. Wajukuu wakapiga kelele, mjomba akaniita mpwa wangu tena. Babu aliitazama muda mrefu, kisha akaniinamia sikioni.

"Fundi, mbona siku hizi haitoi moshi?"