Frataniti na Sororiti Marekani: Mlango Anaushika Nani?

Mwezi Agosti, masomo yakiwa bado kuanza, mji wa Tuscaloosa huko Alabama hujaa wasichana zaidi ya 2,000 wanaobisha hodi kwenye nyumba za sororiti, yaani vyama vya udada vya chuo kikuu. Kazi hiyo huchukua takriban wiki nzima. Mizunguko ya mwanzo kila msichana hujionesha kwa nyumba nyingi, kisha nyumba hupungua hadi zikabaki mbili. Hapo yeye hutaja anayoitaka kwanza na ya pili, nyumba nazo zinakuwa zimeshapanga orodha zao, na kompyuta inaoanisha. Siku ya mwisho bahasha hufunguliwa uwanja wa mpira, na kila mmoja hukimbilia nyumba iliyomchagua. Wapo walioachwa njiani.

Mtu wa mbali huona mchezo wa kitoto. Lakini kijana wa miaka 18 aliyeingia chuo cha makumi ya maelfu ya wanafunzi, hana anayemjua, anapata ndani ya siku chache watu wa kula nao, wa kumwelekeza mwalimu yupi achukue, na baadaye wa kumshika mkono kwenye ajira. Faida hiyo ni ya kweli. Kwa wanafunzi weusi ilikuwa zaidi ya faida. Alpha Phi Alpha, chama cha wanaume weusi, ilianzishwa chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, wakati vyama vya wazungu vilikuwa vimewafungia mlango. Delta Sigma Theta, chama cha wanawake, ilizaliwa chuo kikuu cha Howard Januari 1913, na tarehe 3 Machi mwaka huohuo wasichana wake waliandamana Washington kudai kura ya wanawake. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe wote walikuwa wa Phi Beta Sigma. Katika vyama hivi uanachama hauishi siku ya mahafali: matawi ya watu wazima huendelea kuchangisha ada za masomo na kuandikisha wapiga kura.

Upande wa pili unaanza na nyumba. Sheria ya mwaka 1984 iliyasukuma majimbo kuweka umri wa kunywa pombe kuwa miaka 21, kwa hiyo wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza hawawezi kuingia baa. Nyumba za sororiti kwa kawaida haziruhusu pombe. Sherehe basi huhamia nyumba za frataniti, vyama vya wanaume. Wao ndio wanaosimama mlangoni, wanaoamua wasichana wangapi waingie kwa kila mvulana, na wanaochanganya vinywaji. Msichana amekuja ugenini, na mwenyeji wake ndiye anayejua kilichomo kwenye glasi. Hapa ndipo hatari ya udhalilishaji wa kijinsia inapopata nafasi, na kuwahimiza wasichana wajilinde hakubadilishi anayeushika mlango.

Kisha kuna mateso ya wanagenzi, yaani wanaojaribiwa kabla ya kupokelewa chamani, ndugu wa yale wanayopewa wanafunzi wapya wa shule, mamono Kenya na manjuka Tanzania. Februari 2017, katika nyumba ya frataniti ya Beta Theta Pi huko chuo kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa vinywaji 18 katika dakika 82. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja kwa saa. Akaanguka ngazini, na gari la wagonjwa likaitwa baada ya karibu masaa 12. Kwa nini wanachelewa? Kwa sababu anayepiga simu anaogopa kushtakiwa kwa pombe ya chini ya umri, na tawi linaogopa kufungwa. Ndiyo maana sheria za kumkinga anayeita msaada, ambazo majimbo mengi sasa yanazo, zina uzito kuliko semina kumi.

Wanaotetea husema majaribu hujenga undugu. Mwaka 1959 wanasaikolojia Elliot Aronson na Judson Mills waliwapa wasichana wa chuo mtihani wa kuingia kikundi cha mazungumzo: waliopewa mtihani wa aibu zaidi walikisifu kikundi zaidi, ingawa mazungumzo yalikuwa ya kuchosha. Mateso hutupa sababu ya kujidanganya kwamba tulichopata kina thamani. Wengine hulinganisha na jando. Jando nalo lina maumivu yake, ila kungwi ni mtu mzima anayejulikana, na wazazi wana wa kumuuliza mwari akidhurika. Katika frataniti kungwi ana miaka 20, na usiku ule mara nyingi naye amelewa.

Je, vyama hivi vipigwe marufuku? Chuo cha Williams kilianza kuvifuta mwaka 1962, cha Bowdoin mwaka 1997, na vyuo hivyo vinaendelea vizuri. Lakini chuo cha Amherst kilivifuta mwaka 1984 vikahamia nje ya chuo, ikabidi mwaka 2014 wanafunzi wakatazwe hata kujiunga. Vyama vya weusi navyo viliondoa rasmi unagenzi mwaka 1990. Ukaendelea kwa siri, kwa kipigo zaidi kuliko pombe, kwa sababu aliyeingia bila kuteswa huitwa mwanachama wa karatasi. Kwa maoni yetu, chuo kidogo chenye mabweni ya kutosha kinaweza kufuta. Chuo kikubwa cha jimbo kianze kwa kusogeza uandikishaji hadi muhula wa pili, mgeni akishapata marafiki wengine na akaweza kusema hapana, na kihamishie sherehe kwenye kumbi zenye wahudumu wenye leseni.

Mzazi aliyeko Minnesota au Texas mwenye mtoto anayetaka kujiunga ana kifaa kipya. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe kwenye tovuti zao ripoti ya mateso ya wanagenzi: jina la chama kilichopatikana na hatia, kosa, kama pombe ilihusika, tarehe na adhabu. Tafuta jina la chama chenyewe. Kisha uliza ada yote ya mwaka, chakula na mavazi ndani yake, unagenzi unachukua wiki ngapi, na kama kuna mtu mzima anayelala ndani ya nyumba hiyo.