Kengele ya Baiskeli si Honi ya Lori

Kupiga kengele hakukupi njia. Naandika hivi kwa sababu kila nikipita njia za baiskeli na waenda kwa miguu zilizo pembeni mwa Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Magomeni, nakutana na waendesha baiskeli wenzangu wanaoamini kwamba wakishabonyeza kengele wajibu wao umekwisha: aliyesikia apishe, asiyesikia shauri yake. Sikubaliani nao hata kidogo, na mimi mwenyewe ni mtu wa baiskeli.

Njia hizo zililetwa na mradi wa mwendokasi, ambao mabasi yake yalianza kubeba abiria mwaka 2016. Kwetu zilikuwa neema. Kabla ya hapo mwendesha baiskeli aligombania ukingo wa lami na daladala zinazochomoka vituoni na malori ya kwenda bara, na mara nyingi aliishia kwenye mchanga au mtaroni. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa sababu ya mradi huo, na sisi wa baiskeli tukaona kidogo kama tuzo ni yetu pia.

Sasa nenda Manzese jioni watu wakitoka kazini. Kuna viatu vya mitumba vilivyotandazwa chini, jiko la mahindi ya kuchoma, gari la mtu aliyeshuka "mara moja tu", na msururu wa abiria wanaoteremka kwenye daraja la juu. Operesheni ya mwaka 2021 ya kuwahamisha wamachinga ilisafisha maeneo mengi ya jiji, lakini biashara hufuata watu, na watu wako hapo. Mwenye miguu akikuta sehemu yake imejaa viatu, afanye nini, aruke? Anahamia palipo wazi, maana upande wa pili ni magari. Kwa hiyo ile hoja ya "lakini wao ndio wamepanda kwenye njia yetu" hainiingii. Njia ni moja, tunaitumia wote, na mwenye kasi ndiye anayeweza kumvunja mwenzake mguu.

Cha ajabu, hao hao wanaofoka njiani, wakikaa kijiweni wanalalamika jinsi dereva wa daladala alivyowapigia honi kisogoni hadi wakapoteza usukani. Mkuki kwa nguruwe. Tukionewa na wenye injini tunajua kueleza vizuri sana. Tukiingia njia ya pembeni, ambako wenye chuma ni sisi, tunageuka daladala.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu anatembea kilomita 5 kwa saa, wewe unamjia kwa nyuma kwa kilomita 20. Unamkaribia kwa zaidi ya mita 4 kila sekunde. Ukipiga kengele ukiwa mita 5 nyuma yake, umempa sekunde moja na ushee asikie, ajue sauti inatoka wapi, kisha aamue aende kulia au kushoto. Hakuna anayeamua vizuri kwa muda huo. Anaruka, na mara nyingi anarukia huko huko ulikotaka kupita. Wakiwa wawili ndiyo balaa: mmoja anakwenda kulia, mwingine kushoto, halafu kila mmoja anaona amemwacha mwenzake peke yake, anamrudia. Mama mwenye ndoo kichwani hawezi kugeuza shingo. Lazima ageuke mwili mzima, polepole, na akishageuka ameziba njia yote. Ukimpigia kelele hapo unamlaumu kwa kufanya kile kile ulichomwomba.

Kengele hiyo hiyo ukiipiga mita 20 kabla, mara moja tu, huku umeshaacha kukanyaga pedeli, anapata karibu sekunde tano. Anageuka, anakuona, anachagua upande, nawe unapita kulia kwake ukiwa umeacha nafasi ya mkono. Kwa nini tusifanye hivyo? Tunaogopa kuchelewa. Haya, chukua kipande chenye msongamano cha nusu kilomita. Ukikipita kwa kilomita 20 kwa saa unatumia dakika moja na nusu. Ukishuka hadi kilomita 10 unatumia dakika tatu. Umepoteza dakika moja na nusu, na mtu huyo huyo akifika kazini anasimama nje robo saa akimsubiri muuza kahawa.

Mimi naamini sauti ya mtu inafaa kuliko kengele. Kengele ni kama hodi: unaipiga, kisha unasubiri jibu, huingii sebuleni ukiwa bado unagonga. Lakini haina namna ya kusema unapita upande gani, wala haimpi mzee heshima yake. "Shikamoo mama, napita kulia kwako." Nimeshaona watu wazima, ambao wangesikia kengele wangeendelea kujikalia katikati ya njia kwa ukaidi tu, wakijibu "Marahaba, pita mwanangu" na kusogea kabla sijamaliza sentensi. Kwa vijana "samahani, napita" inatosha. Na ukishapita sema asante. Usiposema, wa nyuma yako ndiye atakayelipa.

Waliolijua hili zamani ni watu wa Mji Mkongwe, Unguja. Kule vichochoro vingine ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili, na bado vinapita baiskeli, mikokoteni, watalii waliopotea na watoto wanaotoka chuoni, huku wazee wamekaa barazani miguu imefika karibu katikati ya njia. Mwenye baiskeli anayetoka Darajani kwenda Shangani hukata mwendo kila kona, kwa kuwa haoni kilicho mbele, na hupiga kengele kabla hajatokeza. Akipita barazani anatoa salamu, maana aliyekaa pale anamjua baba yake na habari zitafika nyumbani kabla yake. Vespa zimeuvuruga kidogo utaratibu huo, lazima niseme, lakini upo. Dar hatujuani. Unamkurupusha mtu pale kituo cha Urafiki na humwoni tena maisha yako yote, ndiyo maana tunajiachia.

Wenzetu wengine wameona adabu peke yake haitoshi wakaandika kanuni. Uingereza, tangu Januari 2022, mwongozo wao wa barabarani unasema wazi kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujihadhari. Mwendesha baiskeli anatakiwa apunguze mwendo na ajitambulishe kwa upole, akikumbuka kwamba aliye mbele anaweza kuwa kiziwi au asiyeona. Japani wamekwenda mbali zaidi. Pale baiskeli inaporuhusiwa kupita njia ya waenda kwa miguu, lazima iende polepole na isimame ikiwa itawazuia, na kuwapigia kengele ili wapishe, pasipokuwa na hatari isiyoepukika, ni kosa. Sisemi tuige Japani. Manzese ukiacha kengele kabisa utamgonga mtu kabla hujafika kituo cha Tip Top. Lakini wazo lao nalipenda: ikiwa njia imebana, anayesubiri ni mwenye magurudumu.

Hilo la kiziwi lisipite hivi hivi. Mtu asipogeuka, tunadhani ana kiburi. Huenda hasikii, au amechomeka spika masikioni, au ana mawazo yake tu ya kodi ya nyumba. Chukulia hakusikia, punguza mwendo, subiri nafasi. Na ukimwona mwenye fimbo nyeupe, kengele kwake ni usumbufu mtupu: anasikia kitu kinakuja, hajui kitapita wapi. Huyo mwambie kwa mdomo, au simama apite yeye.

Wapo ninaowatetea kidogo. Kijana aliyefunga magunia ya mkaa kwenye keria, muuza madafu, mtu wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, anayekokota saruji: breki zao ni za kubahatisha, na wakishasimama kuanza upya ni kazi nzito. Kwa hao naomba wenye miguu nao watusaidie, wasogee pembeni mapema. Sina huruma hiyo kwa makundi ya mazoezi ya Jumamosi asubuhi, wenye helmeti na baiskeli za gia, wanaoteremka kutoka Kimara wakiwa wameongozana kumi kama wako mashindanoni huku watu wanakwenda sokoni. Ukitaka kukimbia, ingia lami alfajiri.

Najua nitaulizwa mbona nawasema wa baiskeli tu, na bodaboda ndio wanaoumiza watu kwenye njia hizo. Ni kweli, wanaumiza. Lakini mwenye baiskeli ana haki ya kuwepo pale, ndiyo maana tunaweza kuzungumza adabu. Bodaboda hana, kwa hiyo sina cha kumwomba. Wapo wanaopendekeza nguzo fupi za zege kwenye viingilio, hasa kwenye njia za mwendokasi za Mbagala na Gongo la Mboto, lakini penye upenyo wa baiskeli pikipiki nayo inapita, na ukibana zaidi umemfungia mtu wa guta. Hiyo ni kazi ya trafiki, na trafiki wako pale pale Magomeni kila siku, mita chache kutoka njia yenyewe, wakikagua leseni za daladala.