Pembe za ndani au za nje: tuanzie wapi?

Jumla ya pembe za poligoni (umbo bapa lililofungwa kwa pande zilizonyooka) hufundishwa kwa njia mbili, na kila moja ina watetezi wake. Ya kwanza ni ya pembe za ndani. Unachagua kipeo (kona) kimoja, unachora mistari ya ulalo hadi vipeo vingine, na umbo linagawanyika kuwa pembetatu: pembenne 2, pembetano 3, pembesita 4. Umbo la pande n lina pembetatu n − 2, kwa hiyo jumla ni (n − 2) × 180. Ya pili ni ya pembe za nje, zile unazopata ukirefusha kila upande kwa kufuata mwelekeo mmoja. Jumla yake ni nyuzi 360, pande ziwe 4 au 40.

Nguvu ya njia ya kwanza ni kwamba mwanafunzi anaona kanuni inakotoka. Lakini kosa lake linajirudia kila darasa: kwenye pembenne anachora mistari yote miwili ya ulalo, anahesabu pembetatu 4, anaandika 720. Nyuzi 360 zilizozidi ziko pale mistari inapokatana katikati, wala si pembe za umbo. Mwambie azitoe, atapata 360 na ataelewa kwa nini. (Zoezi la kuchana kona za karatasi na kuzipanga kuzunguka nukta moja ni zuri, ila lisiishie kwenye pembenne. Kona za pembetano zina nyuzi 540, hivyo zitapandana.)

Ugumu halisi uko kwenye maumbo yenye kona iliyoingia ndani. Chukua pembenne ya nyuzi 30, 40, 50 na 240. Anayeshika kipimapembe husoma 120 badala ya 240, akapata jumla ya 240, akadhani kanuni imekosea. Ulalo nao lazima uanzie kwenye kona hiyo au kipeo kinachoitazama. Ukianzia kipeo jirani unapita nje ya umbo. Kwa pembe za nje (kila moja ni 180 toa ya ndani) tunapata 150 + 140 + 130 − 60 = 360. Hesabu inakubali, lakini hiyo hasi ni mzigo mzito kwa anayeanza.

Kuna pia wanaodhani pembe ya nje ni 360 toa ya ndani. Kwenye pembetano hilo linaleta 1260.

Kwa maoni yangu, pembetatu zitangulie, na maumbo yasiyo sawa (ambayo pande na pembe zake hazilingani) yabaki huko. Pembetano yenye 100, 110, 120 na 95, ukitafuta pembe ya tano, inadai hatua moja tu: 540 − 425 = 115. Kwa pembe za nje unafanya utoaji mara tano zaidi bila faida.

Poligoni sawa, yenye pande zote na pembe zote zinazolingana, ni habari nyingine. Pembe ya ndani ikiwa 150, ya nje ni 30, na 360 ÷ 30 = pande 12. Ikiwa 155, ya nje ni 25, na 360 ÷ 25 = 14.4: poligoni sawa ya namna hiyo haipo.