Shemeji Alivyosoma Grafu Yangu

Kosa lilikuwa langu. Mume wa dada yangu aliuliza swali la kawaida kabisa: "Shemeji, ninunue kuku wangapi na unga pakiti ngapi?" Mtu mwingine angesema saba na kumi na mbili, yakaisha. Mimi nafundisha hesabu. Nikamchorea grafu.

Wageni wa mahari walikuwa wanakuja kwetu Kakamega Jumamosi. Pesa, 8,000. Kuku mmoja 800, pakiti ya unga 200. Ukigawanya kote kwa 200, unabaki na 4x + y ≤ 40, x ikiwa kuku na y pakiti za unga. Nikapiga mstari kutoka kuku 10 hadi unga 40, mstari mzima, si wa vidoti, kwa sababu pesa zikiisha zote pia ni sawa. Nikajaribu sifuri na sifuri: 0 haizidi 40, kwa hivyo upande wa chini ndio wetu. Ule wa juu, tusioutaka, nikautia kivuli kama tunavyofundisha Kenya. Nikaongeza mstari wa kuku wanne kwenda mbele, maana kwa Mluhya huwezi kupakua sukuma halafu utaje ng'ombe.

"Chagua nukta yoyote upande unaofaa," nikamwambia, nikampa karatasi, pesa na pikipiki yangu. Akashika njia ya Lubao.

Alirudi saa kumi, amebebwa na bodaboda ya watu. Kuku kumi na wawili wananing'inia, unga pakiti 20, helmeti yangu kichwani.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimeiacha rehani kwa muuza kuku. Zilipungua 5,600."

Nilikaa chini. Akaikunjua karatasi taratibu, kama wakili.

"Si hapa? Kuku 12, unga 20. Katikati ya kivuli kabisa, shemeji, hata ukingoni sikugusa."

Kumbe hizi hesabu alijifunza kwenye intaneti, kwa mwalimu wa Marekani. Huko kivuli kinatiwa upande unaotakiwa!

"Na hapa peupe?"

"Nilidhani wino ulikuishia."

Mama alikuwa ameshaanza kuwahesabu kuku. Alipofika wa kumi na mbili akanitazama mimi, akamtazama shemeji, akamkaribisha chai.

"Miaka yote hiyo unafundisha," akaniambia, "leo ndiyo nimeona faida ya hesabu."

Jumatatu nilienda shule kwa miguu.