Panya wa aloksani si mgonjwa wa sukari

"Imethibitishwa na utafiti." Maneno hayo matatu huuza dawa ya sukari katika soko la Kibuye, Kisumu, na Nakuru kuliko sifa nyingine yoyote. Mara nyingi utafiti huo upo kweli: mmea, iwe ni mwarobaini, mlonge, shubiri au karela, ulipewa panya weupe kwenye maabara, na sukari yao ikashuka. Anayehoji matokeo hayo huangukia moja ya makapu mawili. Ama anadharau dawa za wazee wetu, ama anawahurumia panya. Wengi wanaohoji hawamo kwenye kapu lolote kati ya hayo. Swali lao ni la kitaalamu, na ni jepesi kuliuliza: yule panya alikuwa anaumwa nini hasa?

Tuanze na jinsi anavyougua. Panya hufungishwa usiku kucha akibakiziwa maji tu. Asubuhi huchomwa sindano ya aloksani, kemikali yenye sumu kwa kongosho, mara nyingi tumboni, kwa kipimo cha karibu miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito. Aloksani huharibika upesi ikishaingia kwenye maji, kwa hiyo ikikaa mezani saa kadhaa baada ya kuchanganywa, baadhi ya panya watachomwa kitu kisicho na nguvu. Ikiwa nzima, umbo lake linalofanana na glukosi huipitisha kwenye mlango uitwao GLUT2 hadi ndani ya seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na humo inazalisha oksijeni kali inayoziua. Seli zikifa humwaga insulini yote iliyokuwa ghalani. Sukari huporomoka, na panya asipowekewa maji yenye glukosi saa hizo anaweza kufa kabla hata hajaitwa mgonjwa. Baada ya saa 72 hupimwa. Aliyevuka kiwango kilichowekwa, kwa kawaida kati ya milimoli 11 na 14 kwa lita, anaingizwa kwenye utafiti.

Huyo ni mnyama aliyechomwa kongosho kwa sumu. Mama wa miaka 52 anayehudhuria kliniki ya sukari Kisumu ana hadithi nyingine kabisa: insulini ipo, pengine nyingi, lakini misuli na ini vimeacha kuitii, na kongosho limechoka polepole kwa miaka. Tena seli beta za binadamu zina GLUT2 kidogo mno, ndiyo maana aloksani haizidhuru kama inavyozidhuru za panya. Ugonjwa unaotibiwa kwenye kizimba hauwezi hata kutengenezwa ndani ya mtu kwa njia hiyo.

Tofauti hiyo ingevumilika kama makosa yake yangekuwa ya bahati nasibu. Shida ni kwamba mengi yanaegemea upande mmoja, upande wa kuupa mmea sifa. Mmea ukinywewa kabla ya aloksani, chochote ndani yake kinachozima oksijeni kali kitazuia sumu isifanye kazi, na jedwali litasomeka kwamba mmea "umekinga dhidi ya kisukari". Majani mengi ya kijani yana viambata vya namna hiyo. Dozi ya aloksani ikiwa ndogo, panya wengine hupona wenyewe, kwa sababu seli beta za panya, hasa wachanga, huchipua upya kwa urahisi kuliko zetu. Lisipowekwa kundi la panya wagonjwa wasiopewa kitu hadi siku ya mwisho, uponyaji huo wote unaandikwa kwa jina la mmea. Halafu kuna ladha chungu. Panya anayenyweshwa maji ya mwarobaini hula kidogo, na anayekula kidogo sukari yake hushuka. Ni lazima chakula kipimwe kila siku, na liwepo kundi linalopewa kiasi kilekile cha chakula bila mmea. Mwisho, katika baadhi ya tafiti mmea hupigwa sindano tumboni, ilhali mteja wa Kibuye ataunywa. Tumbo lenye asidi na utumbo wenye bakteria havikushirikishwa kabisa.

Upo mtindo bora kuliko huu: panya hulishwa mafuta kwa wiki kadhaa hadi insulini ianze kukataliwa, ndipo anapewa dozi ndogo ya streptozotosini, sumu nyingine ya seli beta, karibu miligramu 35 kwa kilo, iliyoyeyushwa kwenye maji baridi yenye asidi kidogo. Unakaribia aina ya pili ya kisukari. Unahitaji chakula maalumu na miezi zaidi, na ndiyo maana aloksani bado inatamba.

Wanaotetea wanyama wa maabara wana hoja nzito, na haifai kuwapita. Mwaka 1889 watafiti von Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho huko Strasbourg, akaugua kisukari. Hapo ndipo ilipojulikana ugonjwa unaanzia wapi. Insulini ya Toronto ya mwaka 1921 ilijaribiwa kwa mbwa kabla ya mgonjwa kijana Leonard Thompson kuchomwa Januari 1922, na kwa miongo iliyofuata wagonjwa waliishi kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe. Hata teplizumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha aina ya kwanza ya kisukari, wazo lake lilipitia kwa panya wa NOD, ukoo unaougua wenyewe bila sumu. Ila panya haohao wa NOD wamekingwa kwa njia zaidi ya 100 tofauti, na zilizofika kwa binadamu zikafanya kazi zinahesabika kwa vidole. Kinachotenganisha mafanikio na kushindwa ni ukubwa wa swali. Kongosho lina kazi gani? Hapo mbwa, panya na mtu wanajibu kwa sauti moja. Ukiuliza kimeng'enya gani, kipokezi gani, dozi gani, kila spishi inashika njia yake.

Kwenye sumu kuna tarakimu ambazo kila kamati ya maadili ya utafiti ingepaswa kuzibandika ukutani. Mwaka 2000 kampuni 12 za dawa zilikusanya kumbukumbu za dawa 150 zilizoonyesha madhara kwa watu wakati wa majaribio, madhara 221 kwa jumla, kisha zikaangalia kama wanyama walikuwa wametoa onyo. Panya wakijumlishwa na wanyama wengine kama mbwa na nyani, onyo lilikuwepo kwa asilimia 71. Wasio panya peke yao, 63. Panya peke yao, 43.

Tarakimu hizi hutumiwa vibaya na pande zote mbili, kwa hiyo tuzikague. Hazisemi wanyama walikosea mara ngapi kwa kupiga kelele bure, kwa kuwa zilianza na madhara yaliyokwisha kuonekana kwa watu. Wala hazihesabu dawa zilizotupwa baada ya kuua mbwa, na watetezi wana haki kusema kazi hiyo ya mnyama haikuonekana. Wana haki pia kutaja kwamba sehemu kubwa ya maonyo, asilimia 94, yalijitokeza kwenye majaribio ya mwezi mmoja au chini. Sasa angalia tafiti zetu za mimea. Mbwa hayumo. Nyani hayumo. Tumebaki na panya, yaani ile 43, nayo ilipatikana kwa majaribio ya kampuni yenye dozi za kila siku, vipimo vya damu na viungo vilivyokatwa na kutazamwa kwa darubini. Chupa inayoitwa salama kwa kuwa panya hawakufa kwa dozi moja ya miligramu 2000 au 5000 kwa kilo, wakiangaliwa siku 14, haifiki hata hapo. Jaribio hilo linajibu kama mmea unaua haraka. Mwenye kisukari anakunywa kwa miezi, na ini lake linaweza kuharibika kimyakimya muda wote huo.

Na panya gani? Sumukuvu, ile aflatoksini ya mahindi yaliyoota ukungu, huwapa panya wakubwa (spishi iitwayo rat kwa Kiingereza) saratani ya ini kwa urahisi wa kutisha. Panya wadogo (spishi nyingine, mouse) wakishakomaa huistahimili, kwa sababu ini lao lina kimeng'enya kinachoizima upesi. Maabara yenye vizimba vya panya wadogo tu ingeweza kuyapitisha mahindi hayo.

Kinyume chake pia hutokea. Sakarini, sukari bandia ambayo wagonjwa wetu wengi waliogopeshwa nayo, ilibandikwa onyo la saratani Marekani baada ya panya dume kupata uvimbe wa kibofu. Mwaka 2000 iliondolewa kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa kuwa uvimbe ule ulitokana na hali ya mkojo wa panya, hali ambayo mtu hana. Liraglutaidi na semaglutaidi, dawa za kisukari za sindano, bado zina onyo la saratani ya tezi ya thairoidi iliyoonekana kwa panya, ambao seli C za tezi hiyo zina vipokezi vingi vya dawa hizo kuliko zetu. Troglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, nayo ilivuka majaribio ya wanyama, ikaingia sokoni Marekani mwaka 1997, ikaondolewa mwaka 2000 baada ya kuua ini za watu.

Hata pale panya alipojibu vizuri, dozi hupotea njiani. Tuseme panya mdogo alipona kwa miligramu 400 za dondoo kwa kilo. Mtu wa kilo 60 hazidishiwi 400 mara 60, maana hiyo ni gramu 24. Kwa kanuni ya eneo la mwili, 400 huzidishwa kwa 3, namba ya panya mdogo, na kugawanywa kwa 37, namba ya mtu: takriban miligramu 32 kwa kilo, karibu gramu 2. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za dondoo, hizo ni gramu 20 za majani kwa siku dhidi ya 240. Muuzaji anayesema "kikombe asubuhi, kikombe jioni" hajafanya hesabu yoyote kati ya hizi mbili.

Isitoshe, panya alikunywa mmea peke yake. Mgonjwa anauchanganya na dawa za hospitali, metfomini na glibenklamaidi, na huwa hamwambii daktari. Glibenklamaidi pamoja na mmea unaoshusha sukari kweli vinaweza kumwangusha mtu usiku, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi pale mmea unapofanya kazi.

Kwa hiyo fedha za utafiti wa mmea mwingine tena kwa aloksani zingezaa zaidi kwingine. Watu wanakunywa tayari. Kwa idhini ya kamati ya maadili na yao wenyewe, wafuatiliwe hukohuko kliniki: wapewe mashine ya kupima sukari nyumbani, vimeng'enya vya ini na kreatinini ya figo vipimwe mwanzo, wiki ya 4 na ya 12, dozi za dawa za hospitali ziandikwe, na chupa ya kila mmoja ibakizwe kidogo kwa maabara, kwani mchanganyiko wa wiki hii si wa wiki ijayo. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, isitegemewe peke yake. Ukanda wa ziwa una watu wengi wenye chembe ya sikoseli, na kwao kipimo hicho huweza kusoma chini ya sukari halisi. Malaria inayovunja chembe nyekundu huvuruga vilevile. Sukari ya asubuhi kabla ya kula iandikwe sambamba, la sivyo mmea utapata tena sifa isiyo yake.