Bibi Hajala Tangu Jana

Kosa langu la kwanza, nalo ndilo lililozaa mengine yote, lilikuwa kumpa sungura wangu jina la Bibi. Siku alipoingia nyumbani alisimama katikati ya sebule, akazitazama pembe zote nne moja baada ya nyingine, akapiga mguu wa nyuma sakafuni kwa kishindo, kisha akanipa mgongo, mithili ya mzee aliyewasili bila taarifa akakuta nyumba haijafagiwa. Jina likamkaa, na kwa miaka minne halikumdhuru mtu yeyote.

Sisi tuliokuzwa kwa hadithi za Sungura mjanja, anayemlaghai Fisi asubuhi na kumtumbukiza Simba kisimani jioni, hatukuwahi kuambiwa kwamba shujaa huyo anaweza kulazwa chali na jino. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka karibu milimita 2 kila wiki. Ndiyo maana hana budi kusaga majani makavu kutwa kucha, ili ayapunguze. Magego ya Bibi yamekaa upande, kwa hiyo hayasagani sawasawa, na kila baada ya miezi kadhaa huota ncha kali zinazomchoma ulimi na mashavu. Mdomo ukimuuma hali, asipokula utumbo husimama, utumbo ukisimama tumbo hujaa gesi, na gesi ikijaa hata ile hamu ndogo ya kula iliyobaki hutoweka. Wala hawezi kutapika apate nafuu, kwa sababu hakuumbwa na uwezo huo. Saa 12 bila kula ni dharura kwake. Ugonjwa wenyewe hauna kupona moja kwa moja: daktari wa wanyama humpa dawa ya usingizi, akampunguza magego, nasi tukarudi nyumbani kungoja ncha nyingine.

Safari hii alizidiwa kuliko wakati wowote. Daktari alimaliza kazi yake, akanikabidhi dawa ya maumivu, unga wa majani wa kukorogea uji, mabomba kadhaa ya sindano yaliyoondolewa sindano zenyewe, na maagizo marefu: nimlishe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, nimsugue tumbo taratibu, nimtie joto, na zaidi ya yote nihesabu kinyesi. Sungura mwenye afya hutoa punje 200 hadi 300 kwa siku, na Bibi alikuwa hajatoa hata moja. "Zikianza kutoka, ujue utumbo umeamka," daktari alisema. "Zisipotoka, nipigie simu saa yoyote."

Nikamwandikia mkuu wetu wa idara kuomba nifanye kazi nikiwa nyumbani. Ujumbe wangu haukuwa na uongo hata chembe: "Samahani mkuu, nina mgonjwa. Bibi hajala tangu jana asubuhi, na daktari ameagiza asiachwe peke yake." Mkuu, ambaye alikuwa amejiunga nasi miezi miwili tu iliyopita, alijibu papo hapo kwa huzuni iliyonishangaza. Alinipa pole ya kuuguza, akaniambia kazi ipo tu ila Bibi ni mmoja. Nilifurahi sana. Nikajisemea kwamba hatimaye tumepata mkuu anayewapenda wanyama.

Kumlisha sungura asiyetaka kula ni kazi ambayo ningeomba iandikwe kwenye wasifu wangu wa kikazi. Kwanza unamviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, na hilo si kwa ajili ya usalama wako bali wake, kwa kuwa miguu yake ya nyuma ina nguvu kiasi kwamba akirusha teke vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo. Kisha unapenyeza ncha ya bomba kwa pembeni, katika ule mwanya ulio nyuma ya meno ya mbele, na kusukuma kidogo kidogo, maana ukiharakisha uji huingia mapafuni badala ya tumboni. Hayo ni maelezo ya daktari. Daktari hakueleza kwamba Bibi angeupokea uji wote kwa utulivu, akauhifadhi shavuni, akanitazama machoni kwa upole mpaka niseme "hongera, mama," ndipo atikise kichwa kwa nguvu zake zote. Kufikia siku ya pili ukuta wa jikoni ulikuwa na madoa ya kijani hadi juu ya kimo changu. Uji wa majani ukikauka kwenye miwani haung'oki kwa kitambaa. Unakwanguliwa kwa ukucha.

Jioni hiyo alinipigia mwenzangu wa uhasibu, mtu mwenye huruma, ambaye naye ni mgeni kazini kwetu.

"Bibi anaendeleaje, ndugu yangu?"

"Afadhali kidogo. Usiku wa kuamkia leo joto lilishuka hadi 37, tukaogopa sana."

Alisita. "Lakini 37 si ndiyo..."

"Ni hatari! Linatakiwa lisipungue 38 na nusu. Nimemwekea chupa ya maji moto ubavuni."

"Na chakula?"

"Hataki. Ninamfunga taulo miguu na mikono, ninambana kati ya mapaja, ninamsukumia uji kwa bomba. Jana alining'ata."

"Jamani. Mwenyewe hajala chochote?"

"Bado. Sasa tunangojea aanze kula kinyesi chake. Daktari anasema akianza hicho tu, tujue anarudi."

Kukawa kimya kirefu hata nikadhani simu imekatika. Nilikuwa tayari kumweleza jambo lenyewe, kwa sababu linapendeza ukilifahamu: sungura hutoa kinyesi cha aina mbili, zile punje kavu zinazoonekana, na kingine laini, kama kishada kidogo cha zabibu, ambacho hukidaka moja kwa moja kinapotoka na kukimeza, ili tumbo lichukue mara ya pili virutubisho lililoshindwa kuvichukua mara ya kwanza. Nilikwishafungua mdomo, lakini mwenzangu alisema ataniombea na akaaga kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa na mkutano wa idara kwa njia ya mtandao. Nilizima kamera kwa sababu ya madoa, na kipaza sauti pia nilikizima, au ndivyo nilivyoamini. Nilikaa sakafuni, tarakilishi juu ya kiti na Bibi juu ya shuka jeupe mbele yangu, nikimsugua tumbo kwa vidole viwili huku nikisikiliza habari za matumizi ya robo mwaka. Mkuu alikuwa akifuatilia fedha ambazo idara imezisubiri kwa muda mrefu. Aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, kama kuna mwenye taarifa zozote, kama kuna kilichotoka.

Wakati huohuo Bibi aliinua mkia. Punje moja ikadondoka kwenye shuka, ndogo, nyeusi, ngumu kama kokoto. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu, zimeunganishwa kwa unyoya kama shanga kwenye uzi.

"Zimetoka!" nilipiga kelele. "Tatu! Bibi amekunya! Jamani, amekunya!"

Nilipoinua macho nikaona nyuso 14 kwenye kioo zimeganda, na jina langu limezungushiwa ule mstari unaong'aa wa mtu anayezungumza. Nilitamani sakafu ipasuke. Ndipo mkuu akaanza kupiga makofi. Wenzangu wakamfuata mmoja mmoja, hadi idara nzima ikawa inashangilia.

"Kwa mtu mzima aliyefikia hali hiyo," mkuu alisema kwa sauti nzito, "hilo si jambo dogo."

Nikashukuru kwa niaba ya Bibi. Naapa kwamba hata hapo sikung'amua kitu. Usiku watu hulala kwa muda wa saa nane. Mimi nilikuwa nikilala dakika 40 kwa awamu, na akili yangu yote ilikuwa imejaa hesabu za punje. Picha ya Bibi ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi kwa miaka minne, na haikunipitia akilini kwamba walioizoea walikwisha hamishwa karibu wote, wala kwamba mimi mwenyewe niliiondoa tulipobadilishiwa ofisi.

Jumamosi mlango ukabishwa. Walikuwa watatu: mkuu, mwenzangu wa uhasibu na kijana wa masjala, wote wamevaa nyuso za wodini. Mkuu alibeba kadi kubwa iliyosainiwa na idara nzima na shali nene ya sufi. Kijana wa masjala alikuwa ameficha kitu nyuma ya mgongo kwa heshima, na baadaye nikagundua ni pakiti kubwa ya nepi za watu wazima.

"Amelala?" mkuu alinong'ona.

"Hapana, yuko nyuma ya kochi. Amenuna tangu nimpe dawa."

Walitazamana. Mwenzangu wa uhasibu alinishika bega, bila shaka akiamini kwamba uchovu umenivuruga, na wote wakanifuata sebuleni kwa kunyata. Bibi alisikia nyayo, akachungulia masikio kwanza, kisha akatokeza mwili mzima, manyoya ya kidevuni yamesimama kwa uji uliokauka. Akawatazama wageni mmoja mmoja. Akapiga mguu sakafuni.

"Huyu ni sungura wa Bibi?" aliuliza mwenzangu wa uhasibu.

"Huyu ndiye Bibi."

Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Nakumbuka niliisoma kadi iliyokuwa mkononi mwa mkuu, "Bibi yetu mpendwa, dua zetu zi pamoja nawe," na nakumbuka jinsi nilivyohisi mambo yote ya wiki ile yakirudi kichwani mwangu kwa zamu: taulo, mapaja, bomba, 37, kinyesi, makofi. Kijana wa masjala aliirudisha pakiti yake nyuma ya mgongo. Nilitafuta maneno ya kuomba radhi, yote yakaniponyoka.

Mkuu ndiye aliyesogea kwanza. Alipiga magoti kwenye zulia, polepole, akiwa na sura ambayo sikuweza kuisoma, na pengine bila kukusudia akaishusha ile kadi mpaka ikawa mbele ya pua ya Bibi. Bibi akainusa. Akaing'ata kwenye kona, akanyofoa kipande, na katika ukimya ule sote wanne tukasikia magego yakisaga, kwa mdundo mwepesi na wa haraka ambao sikuwa nimeusikia kwa siku sita.

"Anakula," mkuu alinong'ona bila kugeuka, akiishika kadi isitikisike. "Mwenyewe."

Bibi alikula herufi mbili za jina lake na saini ya mhasibu mkuu kabla sijaweza kumletea majani makavu, ambayo nayo aliyapokea kana kwamba hakuwahi kuyakataa. Hapo ndipo mwenzangu wa uhasibu alipoanza kucheka, na alicheka mpaka akalazimika kukalia mkono wa kochi. Shali waliniachia. Nepi pia waliniachia, kijana wa masjala akisema kwa haya kwamba dukani hawazirudishi.

Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Mkuu aliingia, akafungua jalada, akavaa miwani, akasoma kichwa cha ajenda ya kwanza, kisha akanyamaza na kunitazama juu ya miwani hiyo.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Ngapi?"

"Mia moja na arobaini na mbili, mkuu. Na ni kubwa."

Akaandika.